Kenjebek wa Njia ya Nne

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Popote mlipo, iwe jikoni mnakanda unga au kituoni mnasubiri basi la mgodini, nipeni masikio yenu kwa muda. Leo tunamkumbuka mtu wa hapahapa kwetu Karaganda. Jina lake Kenjebek Tulegenov. Alifariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na mmoja. Kenjebek Tulegenov, miaka sitini na mmoja.

Wengi wenu jina hilo hamlijui. Lakini nikisema Miguu Kwanza, najua kuna watu wameacha kijiko hewani. Ndiye huyo. Yule mzee wa bwawa la kuogelea, mwenye kandambili za mpira na sweta la sufu ndani ya ukumbi wenye joto la kutoa jasho. Mashindano yakikaribia kuanza, waogeleaji huingia majini kupasha miili moto, na hapo ndipo alipokuwa akisimama ukingoni, filimbi mdomoni. Ole wako uruke kichwa mbele ambapo hapakuruhusiwa. Mimi mwenyewe nilipuliziwa filimbi hiyo nikiwa na miaka tisa, na masikio yangu hayajasahau.

Miaka thelathini na minne alisimama pale. Na katika miaka hiyo yote hakutazama shindano hata moja. Kupasha moto kukiisha, anatoka. Anakwenda kusimama korido, kwenye chumba cha makoti, anakunywa chai mpaka kelele ziishe. Watu walidhani ni tabia za uzee. Haikuwa uzee. Alianza akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu.

Wasikilizaji wapendwa, mkewe Bibigul ameniruhusu nieleze kwa nini. Na mama mwingine, Raushan Omirzakova, ameniruhusu pia. Bila ruhusa ya huyu wa pili nisingefungua mdomo.

Kenjebek alizaliwa mwaka sitini na nne. Mama yake, Kulyash, alikuwa mpokea makoti wa bwawa lile. Unampa koti, anakupa kipande cha bati chenye namba. Mtoto alikulia humo, chini ya makoti yenye theluji inayoyeyuka. Akajua kuogelea kabla hajajua kusoma. Akiwa na miaka kumi na miwili, Kocha Ilyas alimwona akivuka bwawa kwa pumzi moja, akamwambia Mama Kulyash, "Huyu niachie mimi." Naye akamwachia.

Kocha Ilyas hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu mbele mtamchukia. Alikuwa mkali, mwenye sauti ya kupasua vigae, lakini mtoto akikosa viatu vya baridi alimvulia vya mwanawe.

Sasa tufike mwaka themanini na tatu, mwezi wa Desemba. Mashindano ya jamhuri ya majira ya baridi yamekuja kwetu. Kenjebek ana miaka kumi na tisa. Anaogelea mita mia moja, mtindo huru. Na barua ya jeshi imo ndani ya droo, nyumbani kwa mama yake.

Wenye umri wanaelewa barua hiyo ilimaanisha nini mwaka ule. Vijana walikuwa wakipelekwa vitani Afghanistan. Katika jengo lao, ghorofa ya tatu, mtoto wa jirani aliyeitwa Amantai alirudishwa kwenye sanduku la zinki lililofungwa kabisa. Mama yake alikatazwa kulifungua. Alipapasa bati lile siku nzima akiuliza kichwa kiko upande gani.

Kulikuwa na mlango mmoja tu. Bingwa wa jamhuri alitumikia jeshi katika kikosi cha wanamichezo. Anavaa sare, anaogelea, anarudi nyumbani. Mshindi wa pili hakuwa na uhakika huo. Kocha Ilyas alimwambia Kenjebek waziwazi, "Jumamosi ushinde, Jumatatu nakupeleka kikosini mimi mwenyewe. Usiposhinda, sina la kumwambia mama yako."

Ikafika Jumamosi. Nje baridi ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri. Ndani, mvuke. Bwawa moja, njia sita, waogeleaji mia moja na arobaini. Wageni wa heshima walihutubia wee, mpaka muda wa kupasha moto ukakatwa. Badala ya dakika arobaini na tano, wakapewa ishirini. Dakika ishirini, waogeleaji mia moja na arobaini.

Waliowahi kushindana wanajua. Mwili baridi hauogelei. Kwanza unazunguka polepole mpaka mabega yalainike. Kisha unaongeza mwendo, mapigo ya moyo yapande. Mwisho unaruka kutoka jukwaani mara mbili tatu, ili miguu ikumbuke kazi yake. Lakini kuruka kuna njia yake maalumu, ile ya ukingoni, ambako watu huogelea kwenda upande mmoja tu na hakuna anayerudi. Njia nyingine zote unaingia kwa kushuka, miguu kwanza, maana kuna watu chini yako.

Siku ile njia ya ukingoni ilikuwa na foleni ya watu thelathini. Kenjebek alikuwa bado hajaruka hata mara moja. Alimweleza mkewe baadaye kwamba majini alikuwa akiguswa kila upande: kisigino cha mtu tumboni, kiwiko cha mtu sikioni. Hakuweza kunyoosha mkono. Alihisi kama yuko ndani ya gunia. Akatoka majini, akamwambia kocha mwili umekataa.

Kocha alitazama saa. Zilibaki dakika nne. Akamwonyesha jukwaa la njia ya nne, katikati.

"Ruka hapo."

"Hapo kuna watu, Kocha."

"Wamepita. Ruka, mwanangu, muda unakwisha."

Akapanda. Mvuke ulikuwa mzito juu ya maji. Aliona maji matupu. Akaruka.

Chini yake alikuwepo Raushan. Raushan Omirzakova, miaka kumi na mitano, mwogeleaji wa mtindo wa chali. Alikuwa amesimama kwenye ukuta, chini kabisa ya jukwaa, akikaza miwani. Akajisukuma kwa mgongo, uso juu. Alitokea macho yake yakitazama dari, na Kenjebek akamshukia shingoni kwa bega.

Kenjebek alimwambia mkewe kwamba alihisi kitu laini, kisha kitu kigumu, kisha hakuna kitu. Alipogeuka, msichana alikuwa anazama mikono imelegea. Alimtoa mwenyewe, yeye na mwogeleaji mwingine. Wakamlaza kwenye vigae. Midomo ya samawati, lakini anapumua.

Kabla hajasema neno, mkono ulimshika juu ya kiwiko. Kocha Ilyas. Alimvuta hadi chumba cha mataulo, nyuma ya bafu. Chumba hakikuwa na dirisha. Akamketisha juu ya rundo la mataulo mabichi.

"Kaa hapa. Hukuona kitu."

"Kocha, nimemuua."

"Hujamuua. Kaa."

Akatoka. Na Kenjebek akasikia ufunguo ukizunguka.

Dakika arobaini, wasikilizaji wapendwa. Dakika arobaini alifungiwa mle, kavaa nguo ya kuogelea tu. Alisikia filimbi ya kumaliza kupasha moto. Alisikia watu wakikimbia, kisha magurudumu ya machela. Alisikia mtangazaji akiwaomba radhi mashabiki kwa ucheleweshaji mdogo. Aligonga mlango mara tatu hivi. Kisha, na hili ndilo aliloliona aibu kuliko yote, akaacha kugonga. Akaanza kuzungusha mabega. Akanyoosha shingo. Akarukaruka palepale alipo ili mwili usipoe. Bibigul anasema mumewe aliweza kukusimulia yote bila kusita, ila hapo pa kuzungusha mabega.

Mlango ukafunguliwa. Kocha alikuwa na taulo kavu mkononi.

"Yuko hai. Wamempeleka hospitali. Aliteleza kwenye vigae, alikuwa anakimbia. Imeshaandikwa."

"Hakuteleza."

"Waliokuona ni wawili, nimeshaongea nao. Sasa nisikilize. Ukienda kusema, yule msichana hatapona kwa maneno yako. Na wewe Jumatatu unapanda treni ya vitani. Chagua."

Kenjebek hakuchagua. Ndivyo alivyosema maisha yake yote: sikuchagua, niliitika tu jina langu lilipoitwa. Alipanda jukwaani. Wakati anaruka alikuwa amefumbua macho, anatafuta mtu chini. Akashinda. Sekunde hamsini na mbili na sehemu nne za kumi. Hakuwahi kuogelea hivyo kabla, wala baada.

Kule kwenye makoti, koti moja lilibaki. Namba themanini na saba. Mama Kulyash alilisubirisha mpaka Jumapili, kisha akalibeba mwenyewe hospitali. Aliporudi alimkuta mwanawe mezani anakunywa supu. Akakaa, akavua kitambaa, akasema maskini mtoto wa watu, shingo imevunjika mahali pawili, na mama yake yuko pale kitandani anamgombeza kwa kukimbia kwenye vigae. Kenjebek akamaliza supu yake. Jumatatu akaenda kikosini.

Raushan alipona kwa kiasi. Miezi mitano ndani ya plasta. Mkono wa kushoto haukupanda tena juu ya bega, na mguu mmoja ukawa unaburuta. Hakukumbuka chochote cha siku ile. Aliambiwa alikimbia, akaamini. Na kwa kuwa karatasi ilisema alikimbia, jeraha likahesabiwa kosa lake mwenyewe. Hakutambuliwa kuwa mwanamichezo aliyeumia mashindanoni. Mama yake, mpaka uzee wake, akiona watoto wanakimbia mahali alikuwa akisema, "Kimbieni, muwe kama Raushan wangu."

Kenjebek alimaliza jeshi lake salama. Lakini kuruka kulimtoka. Jukwaani alisita, wenzake wakaanza kumtania kwamba anawasalimia samaki kwanza. Mwaka themanini na saba akarudi nyumbani, akaomba kazi bwawani. Wakamwajiri mfuta sakafu. Kusimamia upashaji moto hakuajiriwa na mtu. Alijipa mwenyewe. Alinunua filimbi, akasimama njia ya nne.

Watoto walimtania. Ndio waliompa lile jina. Nakumbuka mwogeleaji mmoja mkubwa alimuuliza mbele ya wote, "Mzee Miguu Kwanza, na kitandani kwako unaingia hivyohivyo?"

Naye bila kugeuza uso, "Kitandani naingia nimechoka. Wewe shuka ngazi."

Tulicheka sana. Na yule mkubwa akashuka ngazi.

Mwaka tisini na sita akaja mama mmoja anayeburuta mguu, amemleta binti wa kaka yake kujifunza kuogelea. Akakaa benchi la ukingoni. Akawa anakuja kila Jumamosi, na siku za mashindano pia. Siku moja alimwita Kenjebek, akamshukuru.

"Usiwaonee haya hawa watoto, kaka. Mimi niliumia hapahapa kwa ujinga wangu, nilikimbia. Enzi zetu angekuwepo mtu kama wewe, leo ningekuwa nasuka nywele zangu kwa mikono miwili."

Kenjebek alimtambua tangu siku ya kwanza alipoingia. Yeye Raushan hakumtambua. Kenjebek aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye njia ya nne, akapuliza filimbi ingawa hakuna aliyekosea.

Jioni alimweleza mkewe yote. Ndiyo mara ya kwanza Bibigul kusikia. Bibigul ameniambia hivi, nanukuu: "Nilimwambia, nenda kamwambie. Akasema kesho. Kesho yake ikawa miaka mitano."

Miaka mitano. Kila Jumamosi mama yule benchini, umbali wa hatua kumi. Kenjebek alimletea mto wa kukalia. Alimfungulia mlango. Aliwahi kujificha chumba cha mataulo ili asipite mbele yake, akagundua yuko wapi, akatoka akauacha mlango wazi. Hakuwa na pa kwenda: nyumbani kuna mke anayejua, bwawani kuna Raushan asiyejua. Na mkurugenzi wa bwawa alikuwa nani? Kocha Ilyas.

Alimwendea Ilyas kwanza. Huo ni mwaka elfu mbili na moja. Akamwambia, nataka kusema. Mzee yule akamjibu kwa swali.

"Ulitaka nikuache upande treni? Nilikufungia ili mama yako asipapase bati. Nilikuwa na watoto wawili majini siku ile, mmoja ameshavunjika. Niambie, ningemwokoa yupi?"

Kenjebek akamwambia, "Ningeugonga mlango ule mpaka ufunguliwe, Kocha. Hukunizuia kugonga. Niliacha mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mashindano ya watoto. Wakati wa kupasha moto, bwawa limejaa, kelele mpaka darini, Kenjebek alitoa filimbi mdomoni. Akamkabidhi mwalimu mmoja ukingo wake. Akaenda benchini, akachuchumaa mbele ya Raushan, akamwambia. Hukuteleza. Hukukimbia. Mimi nilikurukia, njia ya nne, na nikanyamaza.

Raushan anasema alimsikia vizuri, ila kwa muda aliona midomo tu. Kisha akamuuliza, "Mimi sikukimbia?"

"Hukukimbia."

"Mama yangu alifariki mwaka jana," Raushan akasema. "Ungekuja mwaka juzi."

Akasimama. Akamwita mtoto atoke majini, wakaondoka na nywele mbichi.

Wasikilizaji wapendwa, wiki tatu zilipita. Raushan akarudi, peke yake, na karatasi tupu na kalamu. Akamwambia aandike kila kitu na atie sahihi. Kenjebek aliandika kurasa nne, palepale benchini. Wakaanza kuzunguka ofisi, kila mmoja kwa njia yake, maana Raushan hakutaka kutembea naye. Wakaambiwa nchi iliyoandika karatasi ile imevunjika, haipo tena. Wakaambiwa shahidi mmoja hatoshi. Ndipo mzee Ilyas, bila kuitwa na mtu, akaenda na fimbo yake akatia sahihi ya pili. Alijiuzulu mwezi uleule. Alifariki miaka mingi iliyopita.

Ilichukua miaka minne. Jibu lilikuwa mistari mitatu. Sababu ya jeraha: kugongwa na mwogeleaji mwingine wakati wa kupasha mwili moto. Hakuna mahali palipoandikwa kukimbia. Raushan aliipeleka karatasi hiyo makaburini. "Nilimsomea Mama mara mbili," ameniambia. "Alikuwa mzito wa kusikia."

Kenjebek naye alirudisha medali yake ya themanini na tatu. Wakamrudishia kwa posta na barua: hakuna utaratibu wa kupokea. Bibigul anaiweka kwenye kabati la sukari.

Je, alipata nafuu? Nilimuuliza mkewe hivyo. Akasema, "Nilidhani akishasema atatulia. Hakutulia. Alisema ilikuwa kama kufunguliwa mlango ukakuta nje ni korido nyingine." Aliendelea kusimama njia ya nne miaka mingine ishirini. Raushan naye aliendelea kuja, mpaka binti yule wa kaka yake akakua na kuanza kushindana. Walisalimiana kwa kichwa. Wakati mwingine Kenjebek alimwachia chai mwisho wa benchi, na wakati mwingine Raushan aliinywa. Hawakuwahi kuwa marafiki, na hakuna aliyejifanya.

Jambo moja nimelihakiki. Katika miaka ile thelathini na minne, bwawani kwetu hakuna mwogeleaji hata mmoja aliyerukiwa. Hata mmoja.

Mapafu ndiyo yaliyomshinda. Ijumaa tulimzika. Ua la jengo lao lilijaa, wengine nywele zao bado zinanuka klorini. Kama ilivyo desturi yetu, baada ya sala imamu aligeuka akauliza watu: marehemu alikuwa mtu wa namna gani? Mnajua jibu. Sote husema mtu mwema, mtu mwema, imamu huitikia, na jeneza hunyanyuliwa. Tulisema. Lakini Raushan alikuwa amesimama mlangoni na wanawake, akanyoosha ule mkono unaonyooka, na imamu akangoja.

"Alichelewa," Raushan akasema. "Alichelewa sana. Lakini alikuja kwa miguu yake, na hakuna aliyemtuma."

Imamu akainamisha kichwa. Ndipo jeneza likanyanyuliwa.

Kwa mjane wake Bibigul, kwa watoto na wajukuu, na kwa wote waliojifunza kushuka ngazi kwa woga wa filimbi yake, kituo hiki kinawapa pole. Udongo wake uwe laini kama hariri. Na kwako mama Raushan, pole ambayo ilikuwa yako tangu Desemba ile.

Nawaomba jambo moja tu, wasikilizaji wapendwa. Leo, kabla ya chakula cha mchana, mfikirie mtu mmoja anayejilaumu kwa kosa ambalo wewe unajua si lake. Huenda bado ana mama. Muulize mama huyo ana umri gani, kisha usiseme kesho.